Bakuli la 'Tanzanite' la Staa Limebanduka, Ila Povu Limemwagwa Pasipo Pake

Wadau, kama wiki hizi mbili ulikuwa na bando, lile bakuli umeliona. Staa mmoja wa filamu za Kibongo, ambaye jina linahifadhiwa ingawa huko mitandaoni limeshatajwa kila kona, alihamia nyumba mpya na kuwafungulia mashabiki mlango kupitia kamera. Sofa za bluu, mapazia ya bluu, na katikati ya meza bakuli kubwa la mninga lenye jicho la bluu linalong'aa ubavuni. "Humo ndani ni tanzanite, wapenzi wangu," alisema huku akilizungusha taratibu. Laiki zikamiminika.

Siku kadhaa baadaye ikaja video ya pili, na safari hii hakuna aliyecheka. Wageni walikuja, pilau likapakuliwa humo likitoka mvuke, watu wakala, bakuli likaoshwa. Lile jicho la bluu likainuka upande mmoja kama kucha ya bandia iliyoishiwa gundi. Staa akalishika kwa vidole viwili mbele ya kamera, akalibandua, akasema mafundi wa Bongo ni matapeli na asilete mtu habari za kusapoti vya nyumbani.

Basi, vita. Timu Staa wanasema fundi amemwibia dada wa watu. Timu Fundi wanasema dada hajui kutunza vitu, bakuli la urembo kalifanya sinia. Mtu mmoja akaandika "nunueni melamini mpumzike" na akapata laiki kuliko wote.

Timu zote mbili zinagombana kuhusu tabia za watu, wakati kilichobanduka ni kijazio. Swali la kwanza lilitakiwa liwe dogo tu: kwenye lile tundu kuliwekwa nini, na kwa nini kile?

Kwa wasiojua hii kazi: bakuli kama lile halichongwi kwa tezo. Linakerezwa. Kipande cha gogo kinafungwa kwenye mashine inayokizungusha kwa kasi, fundi anakikwangua kwa patasi ndefu mpaka umbo linatokea. Akifika ndani anakutana na historia ya mti. Tawi lililokuwa hai wakati mti unanenepa linashikana na shina, fundo lake linakaa imara na linapendeza. Tawi lililokufa likabaki limesimama, mti unaliviringa bila kushikana nalo, tena mara nyingi linamezwa pamoja na gome lake. Mbao ikikauka fundo la namna hiyo linalegea na kudondoka lenyewe. Hapo unabaki na tundu, na ndani ya tundu gome jeusi na uozo.

Fundi ana njia tatu. Aliache wazi, alifiche, au alipambe. Miaka hii ya Pinterest na Insta kila mteja anataka la tatu.

Sasa turudi kwenye bluu. Tanzanite inatoka Mererani pale Simanjiro, hakuna sehemu nyingine duniani, na kila Mtanzania anaitamka kwa kujidai, sawa kabisa. Lakini kile kilichokuwa kwenye bakuli hakikuwa tanzanite, na huhitaji maabara kujua. Tanzanite inapata ile rangi ikiwa kipande kizima, safi, kilichokatwa vizuri ili mwanga upite ndani. Ukiisaga, unga wake ni mweupe. Ni kama chupa ya bluu: ikiwa nzima ni bluu, ipondeponde mpaka iwe kama chumvi uone inavyopauka. Bluu kali ya kupasua macho kama ile inatoka kwenye epoksi iliyochanganywa na rangi na unga wa ulanga, madini yaleyale yanayong'aa kwenye aishado ya dada mwenyewe. Si dhambi. Ulanga unapendeza, na hauna bei ya kukutoa jasho. Dhambi ni kuuita tanzanite.

Nani aliuita hivyo wa kwanza? Hapo ndipo Timu Fundi wanatakiwa wapunguze sauti. Skrinishoti za mazungumzo yao zimevuja (inasemekana binamu wa fundi ndiye aliyezivujisha), na ndani yake fundi hakuandika tanzanite hata mara moja. Ameandika "epoksi ya bluu." Lakini ile video ya kwanza ilipotoka, yeye mwenyewe aliiposti upya kwenye ukurasa wake na vimoto vitatu, wala hakusahihisha neno. Oda zikaingia. Watu wakauliza bei ya "la tanzanite," akawajibu bei. Kijana wa watu ana karakana ndogo, mashine moja na kodi ya pango, unaelewa kabisa kwa nini alinyamaza. Ila alinyamaza.

Na kwenye skrinishoti hizohizo kuna ujumbe ambao Timu Staa wanaukimbia kama deni. Fundi: "Dada habari, hilo tundu liko chini karibu na kitako. Nikijaza epoksi usiweke kitu cha moto. Matunda, mkate, korosho poa." Staa: "Iwe bluu ya sofa mdogo wangu," na kopa la bluu. Basi. Tahadhari ikapita kama tangazo la kwenye daladala.

Tahadhari ile ilikuwa na maana. Epoksi nyingi za kawaida, zile za kuchanganya chupa mbili, huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 au 60 hivi. Pilau linalotoka kwenye sufuria likifuka linapita hapo kwa mbali. Haliyeyuki kama barafu, la hasha, ila linakuwa laini kidogo, linaachia kingo, kisha maji ya kuoshea yanaingia kwenye ule ufa. Mara ya pili, ya tatu, linainuka.

Lakini joto peke yake halitoshi kueleza kilichotokea, na hapa ndipo fundi anabanwa na ushahidi wake mwenyewe. Rudi kwenye video aliyoiposti ya kutengeneza bakuli, ile iliyoharakishwa yenye muziki. Patasi inapogusa gogo, majimaji yanaruka mpaka kwenye kamera. Mbao ile ilikuwa mbichi! Na kutoka posti hiyo mpaka bakuli kuonekana mezani kwa staa hazijapita hata wiki tatu.

Mbao inapumua. Masika inavimba kidogo, kiangazi inanywea, na inanywea zaidi upande wa upana kuliko urefu. Bakuli la mbao mbichi likikauka haliwi duara tena, linakuwa kama yai. Epoksi yenyewe haitembei. Umeweka kitu kigumu kisichonywea ndani ya tundu linalobadilika umbo, halafu ukalipiga msasa na kulisafirisha. Ni kweli mninga unasifika kwa kutocheza sana, ndiyo maana mafundi samani wanaupenda, lakini mbichi ni mbichi. Kawaida ya wakerezaji ni kukereza mara mbili: kwanza unaliacha nene, bakuli la sentimita 30 ukuta wake unaachwa sentimita 3 hivi, unaliweka kivulini miezi kadhaa likauke na kupinda litakavyo, ndipo unalirudisha kwenye mashine. Kujaza tundu ni kwenye safari ya pili. Staa angesubiri miezi? Alikuwa na tarehe ya kufungua nyumba. Na fundi alikuwa na kodi.

Tena angalia vizuri picha ya kile kipande kilichobanduka. Upande wake wa nyuma una kitu cheusi kimeng'ang'ania. Hilo ni gome. Epoksi ilishika gome, gome halikushika mbao. Tundu halikukwanguliwa mpaka kufikia mbao safi. Kazi ya nusu saa na patasi ndogo na mswaki wa waya, na hilo ndilo kosa la fundi lisilo na utetezi kabisa, kwa sababu halihusiani na haraka ya mteja wala rangi ya sofa.

Haya, kingewekwa nini basi?

Wapo waliokomenti kwamba angechanganya tu pumba za mbao ileile na gundi, tundu lipotee. Hii ndiyo njia ya mafundi wengi wa milango na inawasaidia kwenye matobo ya misumari. Kwenye bakuli ni balaa. Pumba zikilowa gundi zinakuwa nyeusi kuliko mbao yenyewe, hazinywi mafuta wala vanishi kama sehemu nyingine, na unabaki na doa linaloonekana kama mtu aliyepaka foundation isiyo yake. Ukitaka kuficha kitu kikubwa kuliko punje ya mchele, hutaficha. Watu wataangalia palepale.

Jibu lisilo na mbwembwe ni kahawa. Ndiyo, kahawa ya kusaga, ya Kagera au ya Kilimanjaro, yoyote uliyonayo, mradi iwe kavu kabisa. Masimbi ya jana yenye unyevu yanaharibu gundi na baadaye yanaweza kuota ukungu. Ukiishindilia kavu kwenye tundu na kuilowesha kwa epoksi au supaglu nyepesi, unapata kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, rangi ambayo jicho linategemea kuikuta kwenye fundo. Haijifanyi mbao, haijifanyi kito. Kwenye mninga inakaa kama ilizaliwa hapo. Haitakupa laiki elfu kumi, hilo linajulikana, lakini pia haitakuaibisha mbele ya wageni.

Kwa anayetaka mng'ao, kuna shaba ya njano, na hapa Dar ina uzuri wake maana malighafi iko chini ya meza ya fundi funguo. Funguo nyingi zinachongwa kwa shaba hiyo na chenga zake zinamwagika siku nzima; wakerezaji wa nchi nyingi wanaziomba kwa mafundi funguo wao. Pitisha sumaku kwanza, kwa sababu ndani kuna chenga za chuma, na chuma kikilowa kwenye mbao kinapata kutu na kuacha madoa meusi. Ukishazishindilia na kuzigandisha kwa supaglu, ukapiga msasa taratibu bila kuichemsha (msasa kwenye chuma unatoa joto na gundi inalegea), unapata dhahabu ya uswahilini. Na inaendana na pwani. Milango ya Unguja imepigwa njumu za shaba, masanduku ya zamani vilevile. Shaba juu ya mbao nyeusinyeusi ni lugha ambayo jicho la hapa linaielewa bila mkalimani.

Ila shaba na ndimu haziivani. Bakuli la kachumbari lenye shaba ndani, siki na ndimu zikikaa humo, litatoa kutu ya kijani, na kutu hiyo si ya kula. Sufuria za shaba zinatiwa bati ndani kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo shaba ni ya upande wa nje, au ya bakuli la funguo na pete. Na ukiwa na mbao nyeupe kama ya mwembe, vumbi la shaba linaingia kwenye vinyweleo na kuichafua yote; mbao inatakiwa izibwe kwanza kwa koti la vanishi nyepesi.

Mawe? Mawe yana wenyewe. Kule kusini magharibi mwa Marekani, Texas na Arizona, wanachukua mti wa mesquite uliojaa nyufa, wanajaza feruzi iliyopondwa, na bakuli linauzwa ghali hasa. Cha kuchekesha, mesquite ni ndugu wa damu wa mathenge, ule mti ambao majirani Wakenya wa Baringo na Garissa wanaulaani usiku na mchana kwa kuvamia malisho. Mti unaotukanwa huku, kule unavalishwa feruzi. Mkerezaji wa Nairobi anayesoma hapa, wazo hilo bure.

Lakini feruzi nyingi za bei chee ni mawe meupe yaliyopakwa rangi, na feruzi halisi ni ngumu, inakula makali ya patasi. Malakaiti ya Katanga, ile ya kijani yenye mistari, ni laini na inakereka vizuri, na ndiyo inayotisha zaidi: ina shaba ndani yake, vumbi lake ni sumu ukilivuta, na asidi ya chakula inaitafuna. Mtu anayepiga msasa malakaiti bila barakoa ili mteja apate kijani ya pazia anauza mapafu yake. Hakuna bakuli la thamani hiyo.

Halafu kuna wale wa "weka dhahabu kama Wajapani." Kintsugi ni jambo zuri sana na limeharibiwa sana na mitandao. Kazi yenyewe ni ya vyombo vya udongo vilivyovunjika, vinaunganishwa kwa utomvu wa mti uitwao urushi, ndipo unga wa dhahabu unanyunyizwa juu. Utomvu huo kabla haujakauka unawasha ngozi vibaya, na si ajabu, maana mti wake ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyewahi kubangua korosho Mtwara kwa mikono anajua maganda yanavyounguza. Kinachouzwa kwa jina la kintsugi mtandaoni mara nyingi ni epoksi na ulanga wa rangi ya dhahabu. Yaani tumerudi kwenye aishado.

Na njia ambayo hakuna timu iliyoitaja: liache wazi. Kwangua gome, lainisha kingo za tundu kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, basi. Tundu likiwa juu karibu na mdomo wa bakuli, maembe hayatadondoka humo. George Nakashima, yule fundi samani wa Marekani mwenye asili ya Japani, aliacha nyufa zionekane kwenye meza zake na kuzifunga kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo, na meza hizo leo zinagombewa mnadani. Hakumwaga kitu cha bluu.

Ni kweli, bakuli lenye tundu huwezi kuliwekea mchuzi. Lakini hata lile la staa halikuwa la mchuzi wala la pilau la moto. Lilikuwa la matunda, na kwa matunda tundu lingeweza kubaki lilivyo, au kama ni la chini sana, kahawa ingetosha. Bluu ilichaguliwa na sofa. Ndiyo tatizo la wateja wengi wa sasa, wanaanza na rangi, wanamalizia na chakula, au chakula hawakifikii kabisa. Fundi naye, aliyejua yote hayo, aliandika onyo la mistari miwili kwenye WhatsApp, akaona tiki za bluu (bluu kila mahali), akaridhika kwamba kazi yake imeisha. Onyo kama hilo liandikwe chini ya kitako cha bakuli kwa kalamu ya moto: mninga, epoksi, si ya moto. Maneno matano. Mgeni wa nyumbani anayepakua pilau hajasoma mazungumzo yako na mwenye nyumba.

Kinachouma ni hesabu ya nani amelipia. Staa amepata video mbili, zote zimetrendi, na tangazo la duka la vyombo limeshaonekana kwenye ukurasa wake. Fundi, kwa maelezo ya watu wake wa karibu, amerudishiwa oda na kurudisha malipo ya awali, tena kwa wateja waliotaka mabakuli yasiyo na tundu hata moja. Neno "tapeli" halichagui. Wakerezaji wengine, hata wazee wa Mwenge ambao hawajawahi kugusa epoksi, wanaulizwa na wateja kama vitu vyao vitabanduka. Mzee mmoja alijibu mteja wake aliyemuamkia na kuuliza hivyo: "Marahaba mwanangu, hicho ni kipande kimoja cha mpingo. Kibandue nione."

Staa angeweza kusema sentensi moja tu, kwamba alionywa. Fundi angeweza kusema moja vilevile, kwamba haikuwa tanzanite na gogo lilikuwa bichi. Mpaka sasa kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Jana jioni fundi kaibuka upya. Picha moja, bila muziki. Bakuli dogo la mwembe, kavu safari hii, limepasuka fundo upande wa juu, tundu limekwanguliwa mpaka mbao nyeupe inaonekana. Kapteni yake: "Nijaze nini humu wadau?"

Komenti zilikuwa zimefika mia na kitu usiku ule. Zilizoongoza: bluu.